Chumba cha Kusoma Kilichohamia kwa Ernestine

Jumapili, baada ya mahubiri na kabla ya sambusa, Pasta Byamungu aliwauliza waumini kama wanakubali kodi ya shule iongezwe. Kanisa lao la Wakongo lilikuwa limekodi ukumbi wa chini wa kanisa la Walutheri, na humo waliamua kila jambo, kuanzia kiongozi wa kwaya hadi rangi ya vitenge vya Pasaka, kwa kunyoosha mikono. Wanawake waliokuwa jikoni waliitwa. Vichanga walinyooshwa mikono na mama zao. Hakuna aliyekataa.

Ernestine alinyoosha mikono yote miwili. Binti yake Merveille, mwenye miaka tisa, hakuweza kusoma sentensi nzima kwa lugha yoyote. Mahali pekee alipokuwa ameanza kuzishika herufi ni chumba kidogo cha kusoma pale shuleni, kwa mwalimu Teresa. Wilaya yao ya shule ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya mji wa Eagan, huko Amerika, na mto, nayo ilikuwa imetangaza kwamba kodi isipopita, chumba hicho kitaondolewa.

Jumatatu Pasta alivaa suti, akaenda ofisi ya mji kupeleka matokeo. Karani alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kushiriki, akampa kibandiko chekundu cha waliopiga kura. Jioni ile kanisa lilipiga ngoma.

Jumanne wenye uraia walipiga kura zao, na kodi ikaanguka.

"Imeanguka namna gani?" Ernestine alimuuliza Pasta. "Si tulishinda?"

"Tulishinda, mama. Lakini minasikia kuko kura ingine."

"Ya nani?"

"Ya wenyeji."

"Na sisi? Mwenye nyumba anatoa ile kodi wapi, si mu loyer yetu, ile pango tunalipa?"

"Ni vile."

"Basi?"

"Bon. Hata mimi sijaelewa."

"Pasta, ni ile mikono ya vichanga," alisema Vestine, jirani yake Ernestine. "Ndiyo ilituharibia."

Ijumaa Ernestine alirudi kutoka kazini ghalani akakuta mlango mpya jikoni, kati ya friji na jiko. Ulikuwa wa buluu, na kitasa chake kilikuwa chini, kimo cha watoto. Alidhani mwenye nyumba amefanya ukarabati bila kumwambia, kama kawaida yake. Akafungua. Ndani kulikuwa na zulia lenye herufi, viti vifupi, rafu za vitabu, na dirisha lililotazama uwanja wa shule, ingawa fleti ilikuwa ghorofa ya tatu na ilitazama maegesho. Mwalimu Teresa alikuwa ameketi mezani, koti mapajani.

Ernestine alimkaribisha kwa Kiswahili, maana mgeni ni mgeni. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza kama bado ameajiriwa. Merveille akatafsiri. Hakuna aliyejua. Ernestine akampakulia bugali na sombe ya majani ya muhogo.

Shuleni, pale mlango ulipokuwa, palibaki ukuta mtupu ambao tayari ulikuwa umepakwa rangi. Wilaya ilipopigiwa simu ilijibu kwamba chumba kimeondolewa kama ilivyotangazwa, na kwamba haihusiki na kinakokwenda. Pasta alisema jambo hilo halina siri: chumba kimekwenda kilikoshinda.

"Na kwa nini kwake, si kwangu?" aliuliza Vestine.

"Wewe ulinyoosha mkono mumoja."

Watoto wa kile chumba walianza kuja kila alasiri, wakivua viatu mlangoni, na theluji ya viatu vyao ikayeyuka hadi chini ya friji. Mwalimu Teresa aliwafundisha huku akingoja kuambiwa hali yake. Kanisa lilimletea mchele, mawese na samaki wakavu, kwa sababu kule kwao Bukavu, ni wazazi wanaomlisha mwalimu serikali inapomsahau. Ernestine alikuwa amedhani kwamba walipokuja Amerika waliyaacha mambo hayo.

Mwezi wa pili alikuja Sebastian, msimamizi wa fleti, kijana mpole, na futi ya kupimia. Alisema ni chumba kizuri, chenye mwanga. Akapima. Akaeleza kwamba fleti ilikuwa ya vyumba viwili na sasa ni ya vitatu, kwa hiyo pango litapanda.

"Mwambie hii chambre ni ya shule," Ernestine alimwagiza Merveille.

Merveille alisema naye, kisha akamgeukia mama yake. "Anasema alipiga simu shule. Shule hawana chumba kama hiki."

"Basi minalipa nini?"

"Chumba."

"Muulize, kama minalipa, nitapiga kura?"

Merveille aliuliza. Sebastian alikunja futi yake, akasema siku njema.

Ernestine aliongeza zamu ya Jumamosi. Mwalimu Teresa alijitolea kuondoka, lakini kila alipotoka kwa mlango wa buluu aliishia jikoni kwa Ernestine, ambako chakula kilikuwa tayari.

Vuli iliyofuata, kura ya kodi ilirudi. Maombi ya uraia ya Ernestine yalikuwa bado kwenye foleni. Jioni moja yeye na binti yake walikuwa wakitembea kutoka kituo cha basi, na kwenye nyasi za mbele ya nyumba kubwa mabango madogo ya kampeni yalikuwa yameota. Merveille alisimama mbele ya mojawapo. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akakisogeza polepole, midomo ikicheza. Akarudi mwanzo. Kisha akasoma yote kwa sauti, bila kukosea, na bila kuambiwa akamtafsiria mama yake.

"Piga kura ya hapana. Shule zina vyumba vya kutosha."

"Ni weye umesoma?"

"Ni mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Ernestine alipiga vigelegele palepale barabarani. Mwenye nyumba ile yenye bango alitoka barazani kuona kuna nini, akatabasamu, akawapungia mkono. Nao wakampungia.