Vijisanduku vya Bwana Quarles

Bibi Orpha Teter alifika mapema kwenye ukumbi wa chakula wa shule, akachagua kiti cha mbele kabisa, akaweka mkoba kwenye kiti cha kulia na koti kwenye cha kushoto. Alitaka nafasi ya kutosha kukasirika. Hasira yenyewe alikuwa nayo tangu siku mjukuu wake Darla aliporudi nyumbani macho yamemvimba, akasema, "Bibi, wanamwondoa Mwalimu Renick."

Bonde zima, Mwalimu Renick peke yake ndiye aliyefundisha hesabu za darasa la mwisho, zile zenye herufi nyingi kuliko tarakimu. Darla alitaka uhandisi, na chuo cha jimbo hakimpokei mtu wa uhandisi bila hesabu hizo. Sasa wakubwa wa elimu walikuwa wameamua kwamba kuanzia Agosti shule zote za umma katika jimbo zitafundishwa hesabu kwa intaneti, na mwalimu mmoja anayekaa mji mkuu. Walimu wa milimani, asanteni, kwaherini.

Aliyetumwa kuja kulitangaza jambo hilo ni Bwana Preston Quarles, kijana mwenye viatu vyembamba ambavyo matope ya Machi yalikuwa yameshavionja. Alipanga mezani vijisanduku vyeupe, vingi, kimoja ubavuni mwa kingine kama mikate ya kuuza.

"Kila mtoto atapata kimoja," akasema. "Hakina waya wowote. Kinarusha intaneti hewani, nyumba nzima. Mpango wetu haumsahau mtoto yeyote!"

Ukumbi ukanyamaza. Lakini ukimya wa watu wa bonde lile si wa kukubali. Ni ukimya wa watu wanaomtazama mgeni akikaribia kukalia benchi lenye rangi mbichi.

Kwa maana nyuma ya shule, ng'ambo ya malisho ya ng'ombe, limesimama Sikio. Ni darubini nyeupe yenye umbo la sahani, kubwa kuliko kanisa, isiyotazama nyota bali inayozisikiliza. Na nyota, tumeambiwa, husema kwa sauti ndogo mno. Kwa hiyo bondeni humo sheria inakataza kurusha mawimbi ya redio, yasije yakazifunika. Simu za mkononi hazishiki, waifai ni marufuku, na intaneti huja kwa waya wa simu, ikijikokota kama kobe mjamzito. Watu wamezaliwa, wakaoana na kuzikwa chini ya sheria hiyo. Lipo hata gari linalozunguka kutwa likinusa mawimbi, na dereva wake, Lowell Kerr, aliwahi kumnyang'anya mchungaji blanketi la umeme lililokuwa likipiga kelele angani.

Mzee Hobart, jirani yake Orpha, akainama mbele kutoka kiti cha nyuma. "Orpha, tumwambie?"

"Thubutu! Mwache mtoto wa watu ajieleze."

Kisha akanyoosha mkono. "Mwanangu, nina maoni kuhusu Mwalimu Renick."

"Karibu mama, ndiyo kazi iliyonileta, kupokea maoni. Ila kuhusu walimu, hilo limeshapitishwa."

"Limeshapitishwa?"

"Mwezi uliopita."

"Yaani umeshamla kuku, umeshajifuta na mdomo, ndiyo unakuja kutuuliza kama tunakubali achinjwe?"

Watu wakaangua kicheko. Orpha hakucheka. Bwana Quarles akatabasamu, tabasamu la mtu anayempapasa paka asiyemfahamu.

"Mama, ninyi wa milimani ndio mtakaofaidi kuliko wote. Bonde hili nimelisoma vizuri sana."

"Ulilisomea wapi?"

"Ofisini."

"Haya. Mjukuu wangu akikwama kwenye swali, amwulize nani?"

"Ataliandika, litajibiwa baada ya siku chache za kazi."

"Siku chache!" Sauti ya Orpha ikapanda, na mkoba ukaanguka asiuangalie. "Mwalimu Renick humjibu mtoto kabla hajamaliza kukunja uso! Unaujua uso wa mtoto aliyekwama, wewe? Hicho kisanduku chako kinauona?"

Bwana Quarles akakohoa. Akakinyoosha kisanduku kilichokuwa kimeshanyooka.

Hapo Bibi Orpha akalainika ghafla, na waliomjua wakajishika viti. "Basi tuwashie tuvione. Sisi washamba, hatuamini mpaka tuone. Viwashe vyote, baba, usivionee choyo."

Akaviwasha vyote. Taa nyekundu zikaanza kupepesa. Zikapepesa, zikapepesa.

"Vinafanya nini?" akauliza Hobart.

"Vinatafuta mawimbi ya simu."

"Vitatafuta mpaka Yesu arudi," Hobart akasema.

Kabla Bwana Quarles hajauliza kwa nini, nje gari likafunga breki kwa kishindo. Lowell Kerr akaingia, kofia mkononi, kijasho kikimtoka.

"Samahanini. Nani huyo anaizomea mbingu? Mshale wa kipimo changu umegonga mwisho! Bwana, zima, tafadhali, zima vyote. Sheria ya bonde."

"Sheria gani? Hakuna aliyeniambia!"

"Hukuuliza," akasema Orpha, na safari hii hakuna aliyecheka. "Umepanga shule ya jimbo zima, umemwondolea mtoto wangu mwalimu, na hukumuuliza hata aliyekujazia petroli pale njiani. Ile sahani unaionaje, bwana? Ulidhani tunaanikia nguo?"

Bwana Quarles alivizima kimoja kimoja, masikio yamemwiva.

Aprili ilipofika, Darla alirudi mbio, akatupa mfuko wa vitabu mlangoni. "Bibi! Mwalimu Renick anabaki! Mkuu wa shule ametusomea tangazo!"

Orpha akamkumbatia hadi unga wa mkate wa mahindi ukamjaa mgongoni. Kisha akamwachia. "Limesema kwa nini anabaki?"

"Limesema... kwa kuheshimu shughuli za darubini."

"Na za watoto?"

Darla akafikiri. "Watoto halikuwataja."

Orpha akarudi kwenye bakuli lake, akakoroga unga kama anayeupiga. Kwa hiyo nyota hazikutakiwa kusumbuliwa. Mtoto angeweza kukaa gizani na hesabu zake, sawa tu, ila nyota zisisumbuliwe!

"Na shule ya kule ng'ambo ya mlima? Mwalimu wao?"

"Ameshaambiwa afungashe. Kikao chao ni Alhamisi. Lakini Bibi, kule hakuna darubini ya kuwatetea."

"Nimesikia."

"Na si watoto wetu."

Bibi Orpha akaacha kukoroga, akamtazama mjukuu wake mpaka msichana akainamisha uso.

"Kampigie Hobart," akasema. "Mwambie Alhamisi anaendesha. Na avae suruali nzima, tunakwenda ugenini."