Kila Jumamosi Tunarudi Sweetgum

Luvenia Battle aliniambia ataondoka huku akinitolea miiba ya samaki, maana tangu mkono wangu uanze kutetemeka haniachii hata mmoja. Alisema Siku ya Kurudi ya mwaka huu ikipita, anafunga mkahawa na kuhamia Detroit kwa binti yake.

Sikumlaumu. Mkahawa wake unatazamana na lango la Chuo cha Gilead, na hujaa Jumamosi moja tu kwa mwaka, ile ya Oktoba, wahitimu wanaporudi na magari yao na kofia zao. Siku hiyo bendi hupiga tangu asubuhi, na kila mtu hutaka samaki wa Luvenia waliokaangwa kwa unga wa mahindi. Siku nyingine zote tunakaa mimi, yeye na redio. Mimi ni mteja, lakini mteja mmoja si biashara, hasa akiwa halipishwi.

"Huko Detroit sijui nitaongea na nani," akasema. "Lakini hapa nitaongea na masufuria mpaka lini, Arzula?"

Habari ilifika chuoni kabla sijamaliza chai yangu. Chuo chetu kina Kituo cha Biashara, na mkuu wake ni Profesa Thaddeus Pettway, kijana mpole aliyesoma hapahapa, ambaye husukuma milango kwa mgongo ili mikono yake ibaki kubebea wengine mizigo. Kituo hicho ndicho kilichomsaidia kinyozi kupata kiti cha pili, na wanafunzi wake ndio waliompakia Luvenia rangi ukutani. Profesa akaja, akala, akafikiri. Kisha akatueleza kwamba samaki hawana kosa. Kosa ni la kalenda. Kama Siku ya Kurudi ndiyo inayoleta watu, basi dawa ni kurudi kila Jumamosi.

Mkuu wa chuo alikubali, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutaja sheria inayokataza.

Jumamosi za mwanzo zilikwenda vizuri. Wahitimu walikuja kutoka Birmingham na Atlanta, wakakumbatiana, wakalia, wakala. Baridi ilipoingia wakaanza kuchoka. Hawakuwa wakipata nafasi ya kutukumbuka. Mmoja alimwambia Profesa kwa adabu kwamba mke wake huko Atlanta ameanza kumwandalia sherehe ya kurudi kila Jumapili.

Profesa hakukata tamaa. Akasema kurudi ni kurudi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima mtu awe ametoka mbali. Shemasi Rufus Gandy akatoa basi la kanisa. Asubuhi watu wa mji wetu, Sweetgum, walipanda, wakapelekwa hadi kituo cha petroli mpakani mwa wilaya, wakanywa soda wakiwa wamesimama, wakarudishwa. Bendi ikawapokea langoni kwa matarumbeta.

Nilidhani wataona haya. Walilia kwelikweli. Kinyozi alishuka akabusu ukuta wa duka lake. Ndugu wawili waliokuwa hawasemezani tangu mazishi ya baba yao walikutana mlangoni mwa basi. Mmoja akasema, "Umekonda," mwenzake akasema, "Na wewe umezeeka," wakaondoka wameshikana mabega.

Biashara nazo zikaamka. Mwanafunzi mmoja akauza leso za kulilia. Mwingine akaanzisha huduma ya hamu: unakaa naye pale kwenye kituo cha petroli, anakusimulia Sweetgum taratibu, na harufu ya kiwanda cha mbao na yote, mpaka moyo unakuuma kwa kutamani nyumbani. Wasio na uwezo aliwasimulia bure, na wao aliwasimulia polepole zaidi. Wilaya ikakipa chuo tuzo, kwa kuwa hapakuwa na mji mwingine uliorudiwa na watu wengi namna ile.

Mkahawa ulijaa. Nikadhani Luvenia ametulia, mpaka nilipomkuta akikunja nguo na kuziweka kwenye sanduku.

"Si hela inaingia?" nikamuuliza.

"Inaingia," akasema. "Watu ndio hawaingii. Wanameza wakiwa wima ili wawahi basi. Juzi nimemuuliza Shemasi mguu wake unaendeleaje, akaniambia nimuulize akisharudi."

Akasema basi la Detroit linapita Jumamosi mchana, na tiketi anayo. Nikamsaidia kukunja nguo, maana sikujua kazi nyingine ya kuipa mikono yangu.

Jumamosi hiyo likatokea jambo ambalo Kituo cha Biashara hakikuwa kimeliwaza. Bendi ililalamika kwamba tangu mwanzo kazi yake ni kupokea, haijawahi kupokewa. Profesa akaona ni haki yao, akawapa mabasi ya chuo. Wapishi wa chuo nao wakapanda. Mkuu wa chuo akapanda. Profesa mwenyewe, ambaye alikuwa hajarudi hata mara moja, akapanda, na mtu mmoja akamwachia kiti cha dirishani. Mjini tukabaki mimi, kwa sababu ya magoti yangu, na Luvenia, kwa sababu ya sanduku lake. Tukakaa kwenye benchi mbele ya mkahawa kungoja basi lake.

Mabasi ya kurudi yalitangulia kufika. Watu wakashuka wakitabasamu, halafu tabasamu zikakosa kazi. Barabara ilikuwa tupu. Bendi ikasimama na vyombo mikononi, ikingoja kupigiwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakusema mfanyeje mkiwa wageni nyote. Shemasi akavua kofia kama aliye msibani. Profesa akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, hakuna mtu?"

Luvenia alinitazama. Nikainamia viatu vyangu, maana sikutaka macho yangu yamzuie.

Akainuka. Akaliacha sanduku kwenye benchi, akamwendea Shemasi.

"Haya, umesharudi," akasema. "Mguu vipi?"

"Unauma, Bi Luvenia," akasema Shemasi. "Usiku ndio unauma sana."

"Sasa kaa chini. Nani amekutuma usimame?"

Akaenda kwa kinyozi, akamuuliza hali ya mama yake. Akapita kwa wana bendi mmoja mmoja, akiwafunga vifungo vya makoti. Alipofika kwa Profesa akamshika mashavu. "Na wewe mwanangu, nani anakupikia?" Profesa alifungua mdomo kama anayetaka kufundisha, kisha akalia.

Alikuwa hajamaliza hata nusu ya watu pale basi la Detroit liliposimama. Mlango ukafunguka. Dereva, mwanamume aliyechoka macho, akauliza nani anasafiri. Hakuna aliyemwomba Luvenia abaki, na hilo niliona ni wema, maana nilijua kila mmoja alivyotamani kumwomba.

Luvenia alisogea hadi mlangoni mwa basi.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado, mama. Tangu tutoke mjini Mobile."

"Na hao ulionao?"

Dereva akageuka kuwatazama abiria kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anawaona. Akazima injini.

Luvenia akanituma nimpigie binti yake simu, nimwambie mama amepata wageni. Kisha akaingia jikoni, na nikasikia mafuta yakilia. Bendi, kwa kuwa hatimaye ilikuwa imepata watu waliotoka mbali, ikapiga kwa nguvu zake zote. Bibi mmoja wa Mobile, ambaye alikuwa hajawahi kuikanyaga Sweetgum maishani mwake, alikaa kando yangu na sahani magotini. Machozi yakimtoka, akaniuliza mara ya mwisho yeye alikuja lini. Nikamwambia ni zamani sana. Akaniomba radhi kwa kukawia. Nikamwambia asijali, samaki wapo wa kutosha.