Nani Ataitikia Jina la Amida

Mimi Mujinga, mama wa miaka sitini na mbili, ile siku ya mukutano nilikaribia kumutupia muntu kiti. Haki ya Mungu!

Chama yetu ya bantu benye kutoka Mitwaba inakutana hapa mu mutaa wa Kenya, si ile inchi, nyuma ya duka ya fundi cherehani. Katiba yake na liste, orodha ya majina, baba yangu aliziandika mu kaye, daftari yake, kwa mukono, siye batoto tunakula karanga chini ya meza. Ee, ile miaka! Kila mwaka, mbele ya yote, tunasoma majina. Muzima anaitika mwenyewe, "Niko!" Marehemu, mutoto wake anamuitikia, "Iko!" Jina lenye halikuitikiwa miaka tatu, linafutwa. Sauti ya baba akimuitikia babu, mpaka leo ninaisikia.

Sasa Aristote, mwanasheria mwenye alirudi mwaka huu toka Johannesburg, alituletea katiba mupya. Alisoma, anasema, katiba za Baottawa na Bachippewa, makabila ya wenyeji ba Amerika, kwenye muzao wa bantu ba liste ya zamani njo mwanachama.

"Na siye tufanye vile. Damu tu."

Nikamuangalia Amida, rafiki yangu. Mwislamu, bazazi bake ba Maniema. Aliingia mu liste kwa ndoa, bwana yake akakufa, mutoto hana. Miaka makumi tatu amepika ku matanga yetu. Damu tu, maana yake yeye inje, na siku akikufa, hakuna mwenye atalala ku matanga yake.

"Samahani, mama, ni sheria," Aristote alimuambia. Sheria!

"Soma majina kwanza," nikamukatia.

Alisoma, bantu baliitika. Akafika ku Kapya Constantin, babu yake mwenyewe. Akangoja muntu aitike, sawa ku majina ya bengine. Maskini, hakujua kama ni yeye wa kumuitikia: baba yake alimupeleka Afrika Kusini angali muchanga, hakuna mwenye alimufundisha.

"Iko!" Amida akasema.

Aristote aliinua kichwa. "Mama, juu ya nini ni wewe?"

"Muzee Kapya njo alinipasulia kuni siku ya kwanza nilipika hapa. Batoto bake bote balienda. Nilikataa bamufute. Inafika miaka makumi mbili na moja."

"Bila yeye," nikasema, "hiyo damu yako haingekuwa mu liste, we mutoto!"

Macho yakamujaa machozi. Kisha akauliza, "Na wewe, mama, nani atakuitikia?"

Amida akacheka kidogo. "Mimi? Hakuna."

Aristote alikunja katiba yake mupya, akavuta kaye ya baba yangu. Pembeni ya jina la Amida akaandika: *Atamuitikia Aristote, mutoto wake.*