Dakika Nane za Mama Bilkisi

Tshiela alikuwa fundi wa kompyuta katika shirika dogo la mtaa wa Manika, mjini Kolwezi, lililosaidia familia kutafuta ndugu waliopotea. Vijana huja Kolwezi kutoka kila pembe ya Kongo kuchimba shaba na kobalti, na wengi wao, simu ikiibiwa au ikianguka shimoni, nyumbani hawasikiki tena. Shirika lilikuwa na ukurasa kwenye mtandao. Mzazi aliandika jina lake na namba ya simu, akabonyeza, kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe anamtafuta nani. Upande wa pili, wauguzi na viongozi wa wachimbaji waliandika majina ya watu waliowakuta. Kazi ya ofisi ilikuwa kusikiliza, kulinganisha, na kuwaunganisha pale tu pande zote mbili zilipotaka, kwa kuwa wako vijana waliokimbia kwao kwa sababu ya kweli.

Ukurasa huo Tshiela aliutengeneza mwenyewe kwa miezi minne, na seva yake, kompyuta iliyouhudumia, ilikaa palepale ofisini, juu ya rafu nyuma ya kiti chake.

Mwezi wa kwanza seva ikaanza kusimama. Kompyuta yenyewe haikuzimika. Ni ile programu iliyohudumia ukurasa ndiyo iliyokata ghafla, na mtu aliyefungua ukurasa wakati huo alikuta weupe mtupu. Siku nyingine ilisimama mara moja, siku nyingine mara tano. Kwanza Tshiela aliulaumu umeme, akabadilisha betri. Kisha akalaumu joto la msimu wa mvua, akaweka feni. Kisha vumbi la malori ya madini: akaifungua kompyuta na kuipangusa kwa brashi ya rangi. Seva iliendelea kusimama.

Kulikuwa na jambo moja alilojua kwamba anapaswa kulifanya. Seva hujiandikia kila linalotokea ndani yake, mstari kwa mstari, na kwa kusoma mistari ile fundi hujua ilikufa ikifanya nini. Ni kazi ya siku mbili tatu. Lakini wiki ile Josias, mkuu wa shirika, alikuwa na wageni kutoka Kinshasa, na alimwomba jambo moja tu, ukurasa usionekane umezimika. Basi Tshiela akaandika programu ndogo ya mistari kumi na moja. Kila baada ya sekunde ishirini iliitazama seva, na ikiikuta imesimama, iliiwasha tena. Wageni walikuja wakaondoka wakiwa wamefurahi. Tangu hapo hakuna aliyelalamika kuhusu ukurasa mweupe, na Tshiela akaiacha mistari ile bila kuisoma. Alijiambia ataisoma mwezi ujao.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu alipigiwa simu na mwanamke wa Kisenge, mji wa madini ya manganizi ulioko mbali upande wa Dilolo. Alijitambulisha kuwa ni Bilkisi, mjane wa dereva wa malori aliyetoka Kasongo, na kwamba alikuwa ametuma ujumbe mara mbili kuhusu mtoto wake, wala hakuna aliyemjibu. Tshiela alilitafuta jina la Bilkisi kwenye jumbe, hakuliona, wala hakuuliza jina la mtoto. Akamwambia kwa upole kwamba labda mtandao wa Kisenge ni dhaifu, au labda alibonyeza vibaya; atafute mtu anayejua simu vizuri amsaidie. Bilkisi alisema ukurasa ulimwambia asante, tumepokea. Tshiela hakulitilia maanani neno hilo. Alikuwa na watu wengine wanne wanaongoja.

Tarehe kumi na nne ya mwezi wa nne Bilkisi alifika mwenyewe. Alikuwa amesafiri siku mbili juu ya lori, kitambaa chake cha kichwa kimegeuka rangi ya udongo, na kabla ya kusema shida yake alisalimia kila mtu ofisini, mmoja mmoja, akauliza na hali za nyumbani.

“Mi nilituma mara tatu, mama,” alimwambia Tshiela. “Mara tatu inaniambia asante. Leo nitatuma mbele ya macho yako, uone kama najua ao sijue.”

Tshiela alimpa kiti. Bilkisi akaandika jina na namba bila kukosea, akabonyeza, akaanza kusema. Alianza kwa kumshukuru Mungu. Akataja baba wa mtoto na babu yake, na namna walivyofika mkoa huu wa Lualaba. Akasema mtoto anaitwa Yassini, ana miaka ishirini na mbili, ana kovu chini ya kidevu. Kisha sauti yake ikashuka. Akasema kwamba siku Yassini alipoaga kwenda kuchimba Kolwezi, yeye mama yake alisimama mlangoni akamwambia kwamba akienda, asirudi tena kukanyaga nyumba ile. Majirani walisikia. Alikuwa amemzika mume mwaka uleule na hakutaka shimo limchukue na mtoto. Lakini hakumwambia hivyo, alimwambia lile lingine. Sasa alikuwa anamwomba msamaha, na aliomba polepole, akirudia, kama mtu anayejua kwamba anayesikiliza hataweza kumkatiza. Tshiela alijikuta ameangalia sakafu.

Alisema dakika nane. Alipobonyeza kumaliza, simu ikaonyesha maandishi ya kijani: Asante, tumepokea.

Tshiela aligeukia kompyuta yake kuutafuta ujumbe. Haukuwepo. Alingoja dakika moja, akatazama tena. Hakuna. Ndipo akafungua ile mistari aliyoiahirisha tangu mwezi wa kwanza, akasoma mwisho wake. Seva ilikuwa imesimama saa nne na dakika kumi na saba, na kuwashwa tena sekunde kumi na nne baadaye. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Sababu ilikuwa imeandikwa hapohapo, kwa maneno ya wazi. Kabla ya kuhifadhi sauti, programu yake iliibeba yote kwa mkupuo mmoja ili kuipunguza uzito. Sauti fupi zilibebeka. Sauti ndefu ilijaza nafasi yote ya kufanyia kazi, na kompyuta, ili isikwame nzima, iliiua programu. Ujumbe uliokuwa mikononi mwake ukapotea nayo. Na yale maandishi ya asante Tshiela aliyaweka yatokee mara tu mtu anapobonyeza, bila kungoja seva ithibitishe, kwa sababu hakutaka watu wasubiri. Alipoujaribu ukurasa zamani, Josias ndiye aliyesema kwenye simu, na Josias alisema dakika moja.

Kila mara seva iliposimama, basi, palikuwa na mtu aliyesema mengi. Alirudi nyuma kwenye mistari akahesabu namba za simu zilizoanza kutuma na hazikuacha sauti. Zilikuwa namba sitini na tatu.

Bilkisi alimtazama. “Imefika?”

“Haikufika, mama. Na zile tatu pia hazikufika. Hukukosea popote. Ni mimi.”

Kisha akaandika jina la Yassini upande wa wauguzi. Lilikuwepo tangu tarehe tisa ya mwezi wa pili, limeandikwa na muuguzi aitwaye Chancelle wa hospitali moja ya Dilala, mtaa mwingine wa Kolwezi: Yassini, kutoka Kisenge, mguu umevunjika shimoni. Chini yake palikuwa na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Asipigiwe mtu simu. Kama nyumbani wananitafuta, waambieni niko hapa.

Walichukua pikipiki mbili mpaka Dilala. Njiani Tshiela alikuwa akimwona Bilkisi mbele yake, amekaa wima, mkono mmoja umeshika kitambaa. Chancelle aliwapokea kwenye veranda ya wodi. Alipoambiwa huyu ni mama yake Yassini, aliwaeleza polepole. Yassini aliondoka siku kumi na mbili zilizopita. Mfupa wake uliungana vibaya na daktari alitaka kuufungua na kuunyoosha, lakini kwa kazi kubwa namna ile alitaka ndugu mmoja awepo, atie sahihi na amwuguze. Kila Ijumaa Chancelle alipiga simu shirika kuuliza kama kuna aliyemtafuta, na kila Ijumaa alijibiwa hakuna. Yassini alingoja siku hamsini na mbili. Asubuhi moja aliomba gongo la kutembelea akaenda na rafiki yake mmoja mchimbaji, upande wa Fungurume.

“Mara ya mwisho aliniuliza mara mbili,” Chancelle alisema. “Nilimwambia hakuna. Ni vile nilijibiwa.”

Aliyejibu zile simu za Ijumaa alikuwa Tshiela.

Jioni ileile alimweleza Josias yote. Josias alisema ni hitilafu ya ufundi, zinatokea, itaandikwa hivyo kwenye ripoti. Tshiela alimwomba iandikwe kwamba hitilafu ilijulikana mwezi wa kwanza na fundi akaifunika. Josias akasema yeye ndiye aliyemharakisha. Wakakubaliana majina yote mawili yaandikwe.

Kurekebisha programu kulichukua siku moja na nusu. Sauti sasa ilipokelewa kidogo kidogo na kuhifadhiwa kadiri inavyokuja, na asante haikutokea mpaka seva iwe imeshika kila kitu. Siku moja na nusu. Baada ya hapo Tshiela alianza kupiga zile namba sitini na tatu. Nyingine zilikuwa zimekufa. Watu kumi na tisa walikuwa wamewapata ndugu zao kwa njia nyingine. Mzee mmoja wa Kamina alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hana haja tena, wameshakaa matanga, akamshukuru kwa kupiga.

Namba ya Yassini ilipatikana kwa wachimbaji siku ya tisa tangu Bilkisi afike. Bilkisi, aliyekuwa amefikia kwa Waislamu wenzake pale Manika, alikuja kupiga kutoka ofisini.

“Yassini, ni mimi, mama yako.”

“Nilikungoya, mama,” sauti ikasema. “Balisema hakuna mutu ananitafuta.”

Bilkisi alimpa Tshiela simu, na Tshiela akasema yaliyompasa: kwamba mama yake alituma ujumbe mara tatu, wa kwanza katikati ya mwezi wa pili, na kwamba yeye, fundi, ndiye aliyeupoteza.

“Alisema nini mule ndani?” Yassini aliuliza.

“Atakwambia mwenyewe,” alijibu Tshiela, akamrudishia mama simu, akatoka nje.

Kupitia mlango aliusikia ujumbe kwa mara ya pili. Safari hii ulikuwa mfupi. Hapakuwa na babu wala safari ya Lualaba. Bilkisi aliomba msamaha kwa maneno machache, haraka, kama anayeogopa kukatika.

Bilkisi alikwenda Fungurume, akakaa na mwanawe wiki mbili, akarudi Kisenge peke yake. Yassini hakukasirika, Bilkisi alisema, lakini alikwisha kupanga chumba na kuanza kutengeneza pikipiki, na nyumbani alipazungumzia kama mahali pa mtu mwingine. Daktari wa huko aliwaambia mguu bado unaweza kuvunjwa tena na kunyooshwa. Yassini alikataa. Alisema amechoka kulala na kungoja.

Mwezi wa saba Tshiela alikwenda kumwona. Alimkuta ameketi juu ya tairi, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele, mikono imejaa mafuta, anafunga mnyororo. Alijitaja jina, akasema amekuja kuomba msamaha ana kwa ana. Yassini aliendelea na mnyororo mpaka ukakaa. Kisha akamwuliza kama amekula. Akasogeza tairi la pili, na Tshiela akakaa.

Hawakuzungumza sana. Tshiela alisubiri hapo mpaka ilipokaribia saa ya gari la kurudi Kolwezi, na Yassini aliinuka kwa taabu, akashika upande wa meza, amsindikize mpaka barabarani. Tshiela alitembea polepole ili walingane.