Kumsalimia Mgonjwa Aliyepona

Karai la Vanessa lilipopinduka, ndakala wote wakatawanyika mchangani, naye akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Minye niko na depresio leo! Depresio ya kweli kweli!"

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa hao ufukweni wakaangua kicheko. Siku hizi neno hilo lilikuwa limeingia Uvira kama chumvi jikoni. Kila mtu alilitia alipotaka. Mvua ikiwakuta samaki nje, depresio. Sare ya kwaya ikichuja rangi, trauma. Vanessa ndiye aliyekuwa bingwa wao, maana hata kuku wake aliyegoma kutaga aliambiwa ana depresio, na hakuna aliyebisha.

Émérance naye alicheka, akajishangaa. Alikuwa amerudi kazini majuzi tu, baada ya msimu mzima wa kulala akiutazama ukuta, asioge, asipike, asiitike hata mwanawe alipomwita. Mumewe, Protais, alimshika mkono hadi kituo cha afya, na huko muuguzi akamwambia kuwa ile depresio ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika. Sasa jua lilikuwa jua tena, na harufu ya ndakala ilikuwa tamu puani mwake. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa bado linamuuma.

Mtaani kwao Rugenge, mgonjwa hasalimiwi kwa simu. Wanakwaya, ndio hao hao wanawake wa ufukweni, humwendea na chakula, wakamwimbia, naye haruhusiwi kuinuka mkekani. Honorine, kiongozi wa kwaya, alipougua malaria, sufuria zilikosa pa kuwekwa. Émérance hakupata hata kijiko cha uji. Tangu arudi, kila akifungua mdomo kuimba nao, sauti iligoma.

"Leo unacheka, weye!" Honorine alimtania. "Siku zile zote ulituringia. Hata mulango ulifunga."

Émérance aliendelea kugeuza ndakala wake. Wakicheka safari hii, aliwaza, nabeba karai langu na sirudi tena.

"Sikuringa, mama Honorine. Nilikuwa mugonjwa."

"Mugonjwa? Na haukutuambia?"

"Niliwaambia. Hapa hapa, kabla ya kufunga mulango. Nilisema niko na depresio, mukacheka. Vanessa akasema yake inashinda yangu."

Hakuna aliyecheka. Vanessa aliinama akaanza kuokota ndakala, mmoja mmoja, uso ukiwa chini.

"Tulizani ni ile yetu," alisema.

"Ile ya kuku," Honorine akaongeza kwa sauti ndogo. Kisha akajifunga kitenge upya, kama afanyavyo kabla ya kuanzisha wimbo. "Basi hatuyakusalimia bado. Kesho rudia ku mukeka, tunakuja."

"Lakini nimepona!"

"Nani amekuuliza?"

Kesho yake jioni wakaja kweli, na bugali, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki aina ya mukeke waliokaangwa vizuri. Émérance akakimbilia mlangoni kuwapokea.

"Mugonjwa hana ruhusa ya kuamuka!" Honorine alifoka. "Lala!"

Akalala, huku akicheka hadi machozi yakamtiririka masikioni, na Protais akalazimika kutoka nje kwenda kuchekea uani. Wanawake wakaketi kumzunguka. Wakaanza wimbo wa wagonjwa, taratibu, kwa sauti ya chini, bila utani wowote, naye akasikia kwamba wanamwimbia yeye. Raha ikampanda kifuani. Walipofika ubeti wa pili, sauti yake ikatoka yenyewe, angali chali, ikajiunga na zao. Honorine alifumba macho, akaendelea kuongoza.

Wakati wa kuondoka Vanessa alijikwaa kizingitini. Mfuniko wa sufuria ukamponyoka, ukabingirika hadi barabarani. Akashika kichwa.

"Minye niko na..."

Wote walimgeukia, wakangoja. Alitazama mfuniko, akatazama ndani, alikolala Émérance.

"Niko na hasira ya hii sufuria," alisema hatimaye.

"Pole sana," Émérance alimwambia, akiinuka kwa kiwiko ili amwone vizuri.

"Lala, weye!" wakamjibu wote kwa pamoja.