Sufuria ya Nguo Kuukuu

Barua ya msiba ilichukua wiki tano kutoka Uhispania hadi zahanati ya misheni karibu na Ekero. Ilipofika, mama yake Sista Amparo alikuwa ameshazikwa.

Ilikuwa mwaka wa 1979, kila shamba ni miwa, matrekta yakipita kutwa kuelekea kiwandani. Sista, ambaye alikuwa mkunga, aliendelea kuzalisha akina mama. Ila chakula kilimshinda. Siku tatu mfululizo Kageha, mpishi wake, alirudisha jikoni sahani ambayo haikuguswa.

Siku ya nne Kageha alimfuata mezani mikono mitupu, akaketi.

"Sista, mama yako alikuwa anapikanga nini?"

"Ropa vieja."

"Ndiyo nini?"

"Nguo kuukuu."

"Mlikula nguo?"

Sista akacheka, mara ya kwanza tangu barua ile. Akaeleza kuwa ni nyama iliyobaki jana. Inachambuliwa kwa vidole mpaka inafanana na kitambaa kilichochakaa, halafu inakaangwa kwa vitunguu na nyanya.

"Tulikuwa watoto saba," alisema. "Kuku wa Jumapili alitufikisha Jumanne."

Jikoni mlikuwa na ingokho wa jana, kuku wa kienyeji mwenye nyama ngumu. Kageha alimchambua polepole, akakaanga, akapeleka.

Sista alionja. "Mama alitia azúcar kidogo, kupunguza ukali wa nyanya."

"Asuka nini?"

"Azúcar. Sukari."

Kageha alilirudia neno mdomoni, kisha macho yakamtoka. "Sista, hilo si ni letu?"

"Ni la Waarabu. Waliwapa ninyi, wakatupa na sisi."

Kageha akachota sukari, akarudisha sufuria motoni. Safari hii Sista alikula hadi mwisho, machozi yakimtiririka, na Kageha hakumwambia anyamaze. Alimshika tu bega.

Alasiri Kageha alirudi na wanawake kumi na mmoja, watoto mgongoni, wote waliozalishwa na Sista. Walitandika mikeka uani, kama wafanyavyo kwa mfiwa yeyote.

"Mama aliitwa nani, tumtaje kwenye sala?" aliuliza Pascalia, aliyekuwa mdogo kuliko wote.

"Consuelo."

"Nalo lina maana?"

"Faraja," Sista alisema.

Wakamwombea Mama Consuelo kwa Kiluhya. Kisha wakamwambia Sista awasimulie alikuwa mtu wa namna gani, naye akaanza, nao wakakaa wakimsikiliza mpaka ng'ombe wakarudi nyumbani.