Huku Hakuna Kushuka Daraja

Kocha wa makipa hakuwa na la kulalamikia huko ughaibuni. Mshahara uliingia kwa wakati na nyasi zilikuwa laini kama zulia. Ligi yenyewe ilikuwa ya matajiri wachache, waliogawana pesa za televisheni sawa kwa sawa, na timu haikushuka daraja hata ikiburuta mkia. Msimu uliopita walipomaliza wa mwisho, mwenye timu aliwapa mikono, "Poleni, poleni," kisha akauliza jezi mpya zitatoka lini. Kocha alijikuta anatamani mtu amfokee.

Kwao timu ilikuwa ya wanachama. Kila mwenye kadi alikuwa na kura yake, baba mkwe wake akiwemo, na mwenyekiti akiboronga anang'olewa mchana kweupe. Pesa zilikuwa za kuungaunga, lakini timu ilikuwa yao.

Siku ya mechi ya mwisho huko kwao, mkewe alimpigia simu kutoka jukwaani.

"Baba Pacha, tukitoka sare tunabaki. Hebu sikiliza!"

Akainua simu juu. Kocha, aliyekuwa chumba cha vifaa, alikaa sakafuni katikati ya glavu, akasikia nyimbo, vifijo, na baba mkwe akimtukana mwamuzi. Ghafla kelele zikakatika, kama mtu kazima redio.

"Wametufunga," mkewe alisema. "Tumeshuka."

"Baba yuko wapi?"

"Analia. Watu wazima wanalia hapa."

Kocha alisema pole. Aliwaonea wivu.

Timu yake ya ughaibuni ilipomwekea mkataba mpya mezani, alikataa.

"Unakwenda timu gani?" mwenye timu aliuliza.

"Ya nyumbani."

"Si imeshuka daraja? Ingekuwa yangu, ningeihamishia mji mwingine."

"Haihamishiki, bosi. Ina wenyewe."

Mkewe alipoambiwa alicheka, kisha akawa mkali. "Mishahara ya daraja la chini unaijua. Tutakula nyasi?"

"Najua, Mama Pacha."

"Haya, njoo. Baba atajifanya hajali."

Ilibaki miezi kadhaa mkataba uishe. Kila asubuhi aliwapigia makipa mashuti, wakadaka, wakashukuru kwa adabu. Yeye mawazo yake yalikuwa kwenye ule uwanja wa nyumbani wenye vipara, anajiuliza mvua ikinyesha nani atafukia mashimo ya golini.